Usukani wa haidroliki unateleza ukikata kulia: pampu au silinda?

Mtepe28, Kendwa

Assalaam alaykum wakubwa. Boti ni faiba ya futi 28, Yamaha 115 mbili, usukani wa haidroliki wa SeaStar. Pampu moja nyuma ya gurudumu, ya inchi za ujazo 1.7. Silinda moja ya mbele imefungwa mashine ya kulia, na upau unaivuta mashine ya kushoto.

Nikikata kushoto nahesabu mizunguko mitano, gurudumu linagota, basi. Nikikata kulia inafika mitano, linagota kidogo, halafu nikilikandamiza linaendelea kwenda polepole kama halina mwisho. Tukiwa Mnemba maji yanavuta, inabidi nilirudishie gurudumu kila mara ili boti ibaki kwenye njia yake.

Fimbo ya silinda upande wa kushoto ina mafuta kila siku. Kwa wiki naongeza kama kikombe cha chai. Nilichoongeza ni haidroliki 68 ya dukani, ndiyo iliyopatikana. Tangu hapo asubuhi usukani mzito, jua likipanda unalegea.

Fundi mmoja kasema pampu imekufa, mwengine kasema seti nzima. Masika boti inapandishwa pwani, nataka kazi ifanyike mara moja. Nianzie wapi?

Tezi_na_Omo, Mtoni

Waalaykum salaam. Usinunue kitu bado. Hapo kuna maradhi mawili au matatu yamepandana, na kila fundi kashika moja.

Anza na jambo linalowachanganya wengi. Silinda ya mbele haiendi kama ya greda. Fimbo ndiyo iliyokaa imara, imeshikwa na mikono yake miwili pale kwenye bomba la kunyanyulia mashine, na mwili wa silinda ndio unaotembea juu ya fimbo. Ukikata gurudumu kulia, mwili unakwenda kushoto, fimbo inabaki wazi upande wa kulia, na presha yote inakaa kwenye chemba ya kushoto. Ukikata kushoto ni kinyume chake.

Sasa soma tena ulichoandika. Unateleza ukikata kulia, na mafuta yanatoka kofia ya kushoto, kile kifuniko cha ncha ya silinda fimbo inapotokea. Ni chemba ile ile moja. Kwa hiyo kabla hujaigusa pampu, fanya hivi:

Futa fimbo na kofia zote mbili kwa kitambaa kikavu mpaka zing'are. Mtu mmoja akate kulia hadi mwisho na akandamize kwa mkono mmoja, kama dakika moja. Wewe kaa tezi, jicho kwenye kofia ya kushoto. Mafuta yakichuruzika pale wakati gurudumu linatambaa, umeshapata mahali yanapokwenda. Sili ya kofia hiyo imekwisha, pampu inasingiziwa.

Ikiwa kofia imekaa kavu na gurudumu bado linakwenda, mafuta yanapita ndani. Hapo kuna sehemu mbili za kutazama:

Sili ya pistoni, katikati ya silinda. Hii ikilika, kwa kawaida usukani unateleza pande zote mbili, kwa sababu ni sili moja inayotenga chemba mbili. Wewe kushoto kunagota vizuri, kwa hiyo siiwekei dau kubwa.

Valvu za pampu. Chembe ya mchanga au kipande cha mpira kikikaa kwenye kiti cha valvu ya upande mmoja, upande huo tu ndio unaoteleza. Dalili nyengine: zima mashine, sukuma mashine kwa mkono kulia na kushoto. Gurudumu likizunguka lenyewe, valvu ya kuzuia mafuta kurudi haifungi.

Kipimo cha kumaliza ubishi ni kuziba. Fungua hosi zote mbili kwenye pampu, ziba matundu ya pampu kwa plagi zenye uzi wake sahihi, kisha zungusha. Likigota pande zote mbili, pampu nzima, tatizo liko kwenye hosi au silinda. Likiendelea kuzunguka, hapo ndipo uilaumu pampu.

Tahadhari: tumia mkono mmoja. Pampu ina valvu ya usalama inayofunguka karibu psi 1000, kama bar 69. Mtu mwenye kifua akiling'ang'ania gurudumu kwa mikono miwili ataifungua tu, halafu atakwambia pampu imekufa. Pampu nyingi nzima zimetupwa kwa namna hii. Na kutambaa kidogo sana ukilazimisha mwisho wa kona si ugonjwa, hata pampu mpya hufanya.

Uzito wa asubuhi nao una kipimo chake. Toa bolti inayounganisha silinda na mkono wa mashine, fungua na upau, kisha geuza kila mashine kwa mikono. Ikiwa nzito hapo, haidroliki haina kosa: bawaba ya kugeukia imekauka grisi au imejaa chumvi. Piga grisi ya baharini kwenye nipo zake mpaka ile ya zamani itoke. Ikiwa nyepesi, basi ni hewa, hosi iliyokunjika, au mafuta. Kwako naona mafuta.

Chombo_Pemba, Mkoani

Nakubaliana na Tezi. Mie naongezea kwenye mafuta tu, maana hapo ndipo watu wanapojiharibia.

Namba ya haidroliki ni unene wa mafuta yakiwa nyuzi 40. Hiyo 68 ni ya trekta na vijiko vya kuchimbia. Usukani wa boti unataka 15. Umetia mafuta mazito zaidi ya mara nne kwenye hosi nyembamba, halafu unashangaa asubuhi mzito. Jua likipanda yanakuwa mepesi, ndiyo maana unalegea. Jipya hapo hakuna.

Yanayofaa: mafuta ya usukani ya mtengenezaji mwenyewe, au mafuta mepesi ya haidroliki ya ndege yenye alama MIL-H-5606, ambayo huwa mekundu. Mafuta ya breki usiyakaribishe hata kwa dharura. Yale hayatokani na mafuta ghafi, yanafurisha sili za mpira wa aina iliyomo humo na yanavuta maji. Ukishayatia, unabadilisha kila sili kwenye mfumo. Mafuta ya gia ya otomatiki watu wanatia, boti inakwenda, lakini usukani unakuwa mzito na mtengenezaji hakuyataka. Yaache.

Kabla ya kumwaga, chukua kidogo kwenye glasi uyatazame juani. Meupe kama tui: maji yameingia. Njia mojawapo ni kofia ya kujazia, ina tundu la kupumulia, na wale vijana wanaopiga maji ya presha kwenye dashibodi wanayatia humo. Meusi yenye vipande laini: sili zinaliwa. Yenye vumbi linalomeremeta: chuma kinasagika, na hapo pampu ndiyo yenye kesi, sili mpya hazitakusaidia.

Kwa mfumo kama wako, pampu moja na silinda moja, lita 2 zinatosha kujaza na kutoa upepo. Wewe una 68 humo ndani, tafuta lita 4 ili usafishe.

KeboTu, Tumbatu

Yakhe mnamchosha mtu. Rudi kwenye kebo, hakuna mafuta, hakuna sili, hakuna upepo. Ikikatika unavuta nyengine.

Tezi_na_Omo, Mtoni

Kebo ni nzuri kwa mashine moja ndogo. Kwa 115 mbili zenye upau, nguvu ya mapanga yote mawili inarudi mkononi kwa nahodha safari nzima, na kebo ikishika kutu ndani ya bomba la kunyanyulia huwezi kuiona mpaka igande. Haidroliki inafunga mahali ulipoiacha. Kwa chombo cha abiria sioni sababu ya kurudi nyuma.

Mtepe28, Kendwa

Nashukuru sana. Matokeo haya hapa. Mafuta yanachuruzika kofia ya kushoto, wazi kabisa, matone yanakimbizana wakati gurudumu linatambaa. Nimeziba pampu, linagota kulia na kushoto kama ukuta. Mashine zote mbili nyepesi kwa mkono. Mafuta kwenye glasi hayajawa meupe, ila rangi imekoza na kuna vipande vyeusi vichache.

Ila fimbo. Nilipoifuta nimeona vishimo vidogo kama vya kutobolewa na sindano, upande wa kushoto. Nikipitisha ukucha unanasa mahali kama patatu. Seti ya sili itafaa, au silinda mpya?

Tezi_na_Omo, Mtoni

Hapo ndipo uamuzi ulipo. Pampu ibaki.

Kipimo cha ukucha ni hiki: ukiona doa na ukucha ukapita bila kunasa, msasa wa maji namba 1000 wenye mafuta, ukizungushia fimbo, usivute kwa urefu, utalisafisha. Ukucha ukinasa, kishimo kile ni jino. Kila boti ikigeuka, mwili wa silinda unapita juu yake na mdomo wa sili unakatwa kidogo. Sili mpya itakaa kavu kwa muda mfupi, kisha utaanza tena kuongeza kikombe cha chai.

Tazama vishimo viko wapi. Vikiwa mwisho kabisa wa fimbo, karibu na mkono, mahali ambapo kofia inafika tu ukikata kona nzima, unaweza kubahatisha na sili. Vikiwa katikati ya njia, pale kofia inapopita ukienda moja kwa moja, nunua silinda. Usimpe fundi akwangue kwa msasa mkali mpaka vitoweke, atapunguza unene wa fimbo na sili haitabana tena.

Chanzo cha vishimo ni jambo lenu la kule kaskazini, na Pemba pia: boti inapwelewa kila bamvua, inalala mchangani, mashine zimenyanyuliwa, fimbo iko wazi juani na chumvi imekauka juu yake. Stenlesi haipendi chumvi iliyokaa chini ya uchafu bila kupata hewa. Chombo kikilala, acha gurudumu katikati ili fimbo ibaki wazi kidogo kila upande, na ipitishie maji baridi na kitambaa. Dawa za kusafishia zenye tindikali zisifike hapo.

Ukiamua sili: badilisha kofia zote mbili, usibadilishe inayovuja peke yake. Fungua nati za fimbo, toa mikono, toa silinda nzima uifanyie kazi mezani. Mchangani hapana, chembe moja ikiingia itakwenda kukaa kwenye valvu ya pampu uliyokwisha kuithibitisha nzima. Kofia inafunguliwa kwa spana yenye pini mbili, ukitumia patasi na nyundo utavunja matundu yake. Zungushia tepu laini kwenye uzi wa ncha ya fimbo kabla ya kuvisha sili, ule uzi unakata mpira kama kisu. Mdomo wa sili uelekee ndani, kwenye mafuta.

Ukiamua silinda mpya: chukua ya ujazo ule ule. Mizunguko unayohesabu inatoka hapo, ujazo wa silinda ukigawanywa kwa wa pampu. Silinda ya inchi za ujazo 8.5 kwa pampu ya 1.7 ni mizunguko 5. Mtu akikuuzia pampu ya 1.4, gurudumu litakuwa jepesi zaidi lakini utazungusha mara 6. Hakuna baya, ila ujue unachonunua. Fungua pia bomba la kunyanyulia, lisugue kutu na chumvi yote ndani na upake grisi ya baharini kabla ya kupitisha chuma kipya.

Hosi zikague zikiwa wazi: zisiwe zimefura, zimepasuka au zimesuguka kwenye faiba. Kumbuka hosi zinatembea na mwili wa silinda, kwa hiyo ziachie ulegevu wa kutosha kona nzima kushoto, kona nzima kulia, mashine ikiwa chini na ikiwa juu. Jaribu hali zote nne kabla ya kukaza kwa mwisho.

Na thredi tepu nyeupe ya mafundi bomba iache nyumbani. Vinyuzi vyake vinakatika, vinasafiri na mafuta, vinakwenda kukaa kwenye valvu. Panapotakiwa gundi ya uzi tumia ya majimaji, kidogo, na uache nyuzi mbili za mwanzo bila kitu.

Mtepe28, Kendwa

Vishimo viwili viko katikati ya njia. Nitachukua silinda. Kutoa upepo je? Aliyefanya mara ya mwisho alifungua nipo zote mbili za kutolea upepo kwenye silinda pamoja akawa anazungusha gurudumu tu.

Chombo_Pemba, Mkoani

Ndiyo maana. Ukifungua zote mbili, mafuta yanafuata njia rahisi na hewa inabaki pembeni inakucheka. Fanya upande mmoja mmoja, watu wawili.

Kwanza safisha hiyo 68. Kabla ya kufunga silinda mpya, tia ncha za hosi kwenye chupa mbili, jaza pampu mafuta mapya, zungusha kushoto mpaka hosi moja itoe mafuta ya rangi mpya, kisha kulia mpaka ya pili nayo itoe. Pampu isikauke katikati ya kazi. Yaliyotoka yatupe, usiyachuje ukayarudisha.

Kisha funga silinda, na chupa ya mafuta ipindue juu ya pampu kwa bomba lake la kujazia, toboa kitako chake ipate hewa. Subiri mapovu yaishe kupanda. Chupa ikikaribia kwisha badilisha mapema, ikikauka unaanza upya.

Sasa zungusha gurudumu kulia mpaka mwili wa silinda ufike mwisho wa kushoto, fimbo iwe wazi upande wa kulia. Vika nipo ya kulia bomba jembamba la plastiki linaloingia chupani, ifungue. Mwenzako aushike mwili wa silinda usirudi, naye wa usukani azungushe kushoto polepole. Yatatoka mapovu, kisha mafuta yenye povu, kisha mafuta matupu. Yakishatoka matupu bila kukatika, funga nipo gurudumu likiwa bado linazunguka. Hilo ndilo wengi wanalikosea: wanasimamisha kwanza, wanafunga baadaye, na hewa inanyonywa kurudi ndani.

Endelea kuzungusha kushoto mpaka mwili ufike mwisho wa kulia. Fungua nipo ya kushoto, shika mwili, zungusha kulia, funga kwa mtindo ule ule. Ukiona bado kuna mapovu, rudia pande zote mbili.

Kujua kama hewa imekwisha: toa chupa, kofia ya kujazia ikiwa wazi, kata mpaka mwisho na kandamiza huku mwengine anatazama kina cha mafuta ndani ya pampu. Kikishuka ukikandamiza na kupanda ukiachia, kuna hewa inabanwa humo. Kikitulia, umemaliza. Kina cha mwisho kiwe milimita 12 hivi chini ya mdomo, usijaze mpaka juu kabisa maana mafuta yakipata joto yanahitaji nafasi.

Mtepe28, Kendwa

Upau wa mashine mbili uwe umefungwa au umefunguliwa wakati huo? Na la mwisho, haya yakitokea nikiwa katikati ya maji na wageni nafanya nini?

Tezi_na_Omo, Mtoni

Upau ufungue. Mtu anayeshika silinda ashindane na mashine moja, mbili za nini? Ukishamaliza urudishe, na hapo hapo shika kila mashine uitikise: vifundo vya upau vikiwa na mchezo, vibadilishe sasa, kwa sababu mtikisiko wao ndio unaoua bushi za silinda mpya. Panda usukani ukate kona nzima pande zote mashine zikiwa juu na zikiwa chini, utazame mashine zisigongane wala upau usiguse faiba.

Baharini, mafuta yakikimbia ghafla, una mashine mbili, umeshapata usukani wa pili. Punguza mwendo, ongeza moto mashine ya kulia omo itakwenda kushoto, ongeza ya kushoto itakwenda kulia. Ikiwa mashine zimegandia kwenye kona kwa sababu haidroliki bado imefunga upande mmoja, zizime kwanza, fungua nipo zote mbili nusu mzunguko ili presha itoke, zinyooshe kwa mkono, funga nipo, ndipo uwashe uende kwa moto wa mashine. Kwa hiyo kwenye sanduku la chombo kuwe na lita 1 ya mafuta sahihi pamoja na bomba lake la kujazia, spana ya nipo, na plagi mbili zile ulizozibia pampu.

Mtepe28, Kendwa

Plagi ninazo tayari. Ahsanteni. Nitaleta hesabu ya mizunguko silinda ikishakaa.